Usiihurumie Mashine Yangu

Siku wakurugenzi walipokuja kutazama mashindano, tulifagia chumba cha kompyuta mara mbili, maana vumbi la kiangazi lilikuwa likipenya hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Lubumbashi ilikuwa imeanza kuzoea kukosa: mara unga, mara mazutu, yaani dizeli, ya jenereta, mara dawa hospitalini. Kampuni yetu ya usafirishaji, ambayo malori yake yalibeba mizigo ya migodi tangu nilipokuwa mtoto, ilikuwa na magari mengi yaliyolala karakanani yakisubiri vipuri. Mara nyingi kipuri kilikuwepo, ila hakuna aliyejua kiko ghala gani. Kazi yetu sisi watu wa kompyuta ilikuwa kujibu swali hilo.

Tulioandika programu tulikuwa wawili. Mimi ni binti wa familia ya Kikatoliki ya kaskazini mwa Katanga. Babu alikuja mjini kutandika reli, baba akaendesha treni juu ya reli ileile, na masista wakanifundisha hesabu mpaka nikaipenda. Mwenzangu alinizidi umri kwa mbali. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa, naye aliniita mudogo. Alikuwa mtu mwembamba, wa sauti ya chini, aliyevua viatu kabla ya kuingia chumba cha kompyuta kubwa ili asiingize vumbi. Wazazi wake walitoka Kasai kabla hajazaliwa. Yeye alizaliwa hapahapa, katika nyumba za wafanyakazi, akasoma hapa, akaoa hapa, akazika wazazi wake hapa. Wakati huo sikuwa nimewahi kuona sababu ya kulifikiria jambo hilo.

Kompyuta kubwa ilikuwa yake. Simaanishi kwamba aliinunua. Namaanisha alikuwa ameiandikia programu kwa miaka mingi, akiikata hapa na kuinyoosha pale, mpaka ikajua maghala yote ya kampuni. Ilisoma kanda za sumaku zilizozunguka kama magurudumu ya baiskeli, ilihitaji kiyoyozi, na ilikunywa mazutu kupitia jenereta yake. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka mafunzoni Kinshasa na kompyuta ndogo za mezani, pamoja na programu ya kutunza kanzidata ambayo ilikuwa habari mpya mjini. Nikaandika kwa kutumia hiyo kazi ileile aliyokuwa akiifanya yaya kwa mashine yake. Shefu wetu akasema kampuni haiwezi tena kulisha zote mbili. Ipimwe ipi ina mbio, na itakayoshindwa izimwe.

Jaribio lenyewe lilikuwa fupi. Mtunza ghala alisimama mbele ya kila mashine na kuuliza kama kuna pampu ya maji ya lori fulani. Yangu ilijibu kabla hajafunga mdomo. Ya yaya ilianza kutafuta kanda, kanda ikatiwa, ikazunguka, na muda wote huo ilikuwa pia inachapa ripoti za mwisho wa mwezi za karakana. Wakurugenzi walitazama saa zao. Jibu lilipotoka, mmoja alikuwa tayari amenipiga bega kunipongeza. Watu walipiga makofi.

Nilimtazama yaya. Alikuwa ametoa ile kanda na alikuwa anaipangusa kwa kitambaa, polepole, bila kuinua uso.

Mbele ya wakurugenzi hatukuzungumza Kiswahili. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa Kifaransa kwamba mashine yangu ilikuwa imebeba ghala moja tu, lile nililolipakia kwa kujaribia, na ya mwenzangu ilikuwa imebeba maghala yote, tena ikifanya kazi nyingine papo hapo. Kwamba tulichokiona hakikuwa mbio kati ya mashine mbili. Makofi yalikatika. Shefu alinivuta pembeni.

"Weye njo ulishinda," aliniambia kwa kunong'ona. "Sasa unalalamika nini?"

Lakini mkurugenzi mmoja alikuwa amesikia, akasema basi rudieni vizuri, mtuletee majibu kwenye mkutano ujao.

Walipoondoka, yaya aliketi kwenye sanduku la karatasi.

"Juu ya nini ulisema?"

"Juu ilikuwa uongo, yaya. Na weye ulijua. Juu ya nini weye haukusema?"

"Mimi ningesema, bangewaza minalia juu nilishindwa." Akavuta kiti, akakisukuma kwangu. "Ikala. Tuifanye ya kweli."

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote nilizofanya kazi pale. Tulianza kwa kubishana, kila mmoja akitetea upande wake, na hatukufika popote. Kisha yaya akapendekeza tugeuze mambo: kila mmoja aseme mwenyewe ni kitu gani kinampendelea.

"Minaanza mimi," alisema. "Kanda zangu zinapangwa mbele ya kazi kuanza. Hakuna mutu anaona ile muda. Lakini kupanga nayo ni kazi. Uihesabu."

Nikamwambia kwamba mashine yangu ukiiuliza kitu kilekile mara ya pili inakuwa bado inakikumbuka, ndiyo maana inaonekana kama radi. Kwa hiyo kila mara tuulize kipuri kingine. Yeye akasema jenereta inamlinda yeye tu, na umeme wa mji ukilegea mchana kompyuta zangu zinazimika; basi tupime siku ya umeme mzuri na siku ya umeme mbaya, na zote mbili tuziandike. Nikasema yangu huulizwa na mtu mmoja, ilhali kwenye kazi ya kweli watunza ghala hupiga simu kwa pamoja asubuhi, kila mmoja na fundi wake anamgombeza. Alicheka.

"Mudogo, hapo unajichimbia kaburi."

"Na weye vilevile."

Tulikubaliana pia kupima kazi mbili tofauti. Kujibu swali la haraka ni kitu kimoja. Kupitia maghala yote mwisho wa mwezi na kusahihisha kila kitu ni kingine. Na akadai nipewe muda wa kuinoa programu yangu, kwa sababu yake ilikuwa imenolewa miaka na yangu ilikuwa bado changa. Nilikataa kwa kiburi, kisha nikakubali. Mke wake alitutumia bukari, ugali wa kwetu, na ndagala kwenye bakuli lililofunikwa, tukala pale pale juu ya meza.

Tulipopakia mzigo uleule kwenye mashine zote mbili, majibu yakatofautiana. Yangu ilisema sahani za klachi zipo. Yake ilisema zimekwisha. Tulikwenda ghalani kwa miguu tukazishika kwa mikono. Zilikuwepo. Kwenye mpira wa breki ikawa kinyume: mimi niliambiwa upo na haukuwepo. Tuligundua kwamba programu yangu ilivuruga vitu vilivyotolewa kisha vikarudishwa, na ya yaya ilivuruga vitu vyenye majina mawili, lile la Kifaransa la kwenye karatasi na lile walilolitumia mafundi. Tulirudi tukiwa tumejaa grisi, tukasahihisha zote.

"Mbele ya kuangalia mbio," alisema akinawa mikono kwa mchanga na sabuni, "tuangalie jibu. Mashini ya kukimbia na jibu mubaya, afazali ilale."

Maneno ya mjini yalikuwa yameanza kabla ya hapo, ila sisi tulikuwa tunayaacha nje ya mlango. Redioni na kwenye mikutano walikuwa wakisema kuna wenye nchi na kuna wageni, yaani watu wa asili ya Kasai, na wageni ndio waliokula kazi za wenye nchi. Kisha maneno yakaingia mitaani. Watoto wa yaya walirudishwa kutoka shuleni wakilia. Vijana walipita jioni wakiimba na kupiga mawe kwenye mabati ya nyumba walizozijua. Yaya alikuja kazini siku moja na bandeji juu ya jicho, akasema amejigonga mlangoni, akafungua mashine. Sikumuuliza. Nilijua kwamba mabati ya nyumba yetu hayakuwa yamepigwa hata na jiwe moja, na nilijua kwa nini.

Kisha hakuja. Kesho yake hakuja. Shefu alisimama dirishani akinipa mgongo.

"Hatakuya tena," alisema. "Njo vile iko. Jaribio liendelee."

"Nani ataendesha mashini yake?"

"Opereta."

Opereta alikuwa mtu mzuri, ila alijua kuwasha na kutia kanda, basi. Hakujua kanda ipi itangulie mwisho wa mwezi, wala namna ya kugawa kumbukumbu ya mashine ili isijisonge. Angeiendesha, nayo ingekwenda kama gari lililofungwa breki, na karatasi ingeandikwa kwamba kompyuta ndogo zimeshinda. Watu wangepiga makofi tena.

Nilikwenda kumtafuta kituo cha treni, ambako waliofukuzwa majumbani walikuwa wamekimbilia. Mama alinizuia mlangoni, akisema wale vijana wataniona. Nilienda na unga kidogo ndani ya kitenge.

Sikuwahi kuuona mji wangu hivyo. Uwanja wote wa kituo, na njia za kuuzunguka, ulikuwa watu. Walikuwa wamekaa chini ya maturubai na vitenge vilivyofungwa kwenye vitanda vya chuma vilivyosimamishwa. Kulikuwa na cherehani, masanduku ya vitabu, hata milango ya nyumba, kwa sababu kuna waliotaka angalau kubeba mlango. Wote walikuwa wanasubiri treni ya kwenda Kasai, mahali ambapo wengi wao, kama yaya, hawakuwahi kufika. Mvua ilikuwa imenyesha na uji wa matope ulinifika kwenye vifundo.

Mke wake ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa anakoroga uji juu ya mbabula ya makaa, mtoto wao mdogo amefungwa mgongoni, anakohoa.

"Karibu, mudogo," alisema. "Kiti hakuna, ikala pa valizi."

Nikaketi juu ya sanduku lao la nguo. Yaya alikuwa ameegemea gurudumu la mkokoteni. Ndevu zilikuwa zimemwota. Alifurahi, akaniuliza habari za mama, akaniuliza kama umeme ulikuwepo. Nikamweleza kuhusu shefu na opereta, na nikamwomba anifundishe kuiendesha programu yake kama yeye mwenyewe.

Alinionyesha kwa kidevu maturubai yaliyotuzunguka. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza:

"Mudogo, angalia hawa bantu. Angalia batoto. Unakuya kuniambia ya mashini?"

Nilitaka kunyanyuka niende. Mke wake aliacha mwiko ndani ya uji.

"Umwambie," alimwambia mumewe. "Balikufukuza munyumba, balikufukuza mukazi. Sasa unataka baandike na ile ulifanya ilikuwa mubaya? Umwambie, baba."

Yaya alijifuta uso kwa mikono yote miwili. Akaokota kijiti, akaanza kuchora kanda kwenye matope: hii kwanza, halafu hii, hizi mbili kamwe zisifuatane. Alinieleza sehemu za programu nilizozisoma mara nyingi bila kuzielewa, na kwa nini aliziandika hivyo, na mwaka gani mashine ilimshinda mpaka akaja na njia ile. Sauti yake ilikuwa inarudi kadiri alivyosema. Watu waliokaa karibu waliacha mazungumzo yao wakamsikiliza, ingawa sidhani walielewa kitu. Mvua ilipoanza tena, michoro ikafutika, akanirudishia yote kwa mdomo na mimi nikamrudishia yeye mpaka akaridhika.

Nilipoaga, alinishika mkono.

"Usihurumie mashini yangu," alisema. "Unasikia? Ukiisaidia juu ya huruma, nayo ni uongo tu. Kama inashindwa, uandike inashindwa."

Nikaahidi.

Nilizipima mashine zote mbili peke yangu, opereta akinisaidia kubeba kanda. Nilivua viatu. Kwa siku kadhaa nilifanya kama tulivyokubaliana, siku ya umeme mzuri na ya umeme mbaya, kipuri kingine kila mara, na kila jibu nikalihakikisha ghalani. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Programu yangu ilipokwama nilitamani kusema hiyo haihesabiki, tuanze upya. Ya yaya ilipokwama nilitamani vivyo hivyo, hata zaidi. Sikuanza upya hata mara moja, ila pale ambapo tulikuwa tumepatana tangu mwanzo kuanza upya.

Majibu yalitoka hivi. Swali la mtu mmoja, mashine yangu ilishinda, wala hakukuwa na la kubishana. Watunza ghala walipouliza kwa pamoja, yangu ilisongwa, ikawa kila mmoja anamsubiri mwenzake, na ile ya yaya ikaenda kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Kazi ya mwisho wa mwezi, ya yaya ilimaliza yangu ikiwa bado haijafika nusu. Umeme ulipolegea, yangu ilizimika na ikapoteza sehemu ya kazi. Hakukuwa na mshindi mmoja. Ilitegemea umeuliza nini, na wangapi mnauliza.

Shefu alisoma karatasi yangu hadi mwisho. Alikuwa mtu wa haki katika mambo mengine, na aliona kwamba kazi ilikuwa nzuri.

"Iko sawa," alisema. "Lakini mwenye kujua ile mashini hayuko tena. Kesho ikiharibika, utamuita nani?"

Kompyuta kubwa ikazimwa. Mpaka leo sijui kama alikosea. Tulikuwa tumehesabu kila kitu, isipokuwa kwamba mtu anaweza kuondolewa.

Nilirudi kituoni nikamkuta bado. Nilimsomea yote, swali kwa swali. Nilipofika mahali watunza ghala watatu walipoisonga kanzidata yangu, alicheka kwa sauti, mtoto akashtuka.

"Na bitu bya kurudishwa? Uliangalia?"

"Niliangalia. Jibu ilikuwa moja kwa zote mbili."

"Basi ni ya haki," akasema. Hakuniuliza shefu ameamua nini. Nami sikumwambia.

Treni yao ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Niliwaona wakipanda, mke kwanza, kisha watoto wakipokewa kwa juu, kisha yeye akisukuma sanduku. Hakukuwa na nafasi ya kupunga mkono. Baba yangu, aliyeendesha treni maisha yake yote kwenye njia ile, alikuwa nyumbani siku hiyo na hakutoka chumbani.

Kampuni haikudumu. Ghasia za uporaji zilipofika mtaa wetu wa kazi, kompyuta zangu zilibebwa kwenye toroli mchana kweupe, na nyaya zikang'olewa ukutani kwa ajili ya shaba yake. Kompyuta kubwa ilikuwa nzito, ikabaki, mpaka wauza vyuma chakavu walipokuja na kuikatakata.

Miaka ikapita, vita vikaja na kwenda, nchi ikabadilishwa jina. Nilipata kazi katika mtaa wa Ruashi kwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mlokole mwenye malori yake, aliyefungua kila asubuhi kwa sala. Vijana wawili wa makampuni mawili walimletea programu za kutunza bohari, kila mmoja na kompyuta yake ya mkononi, kila mmoja akionyesha bidhaa chache za mfano zinazoruka kwenye kioo. Patroni, kama tulivyomwita tajiri wetu, alivutiwa. Nilimwomba aniachie nizipime kwanza. Niliwapa vijana wote wawili mzigo wetu wote, wenye makosa yake na majina yake ya mitaani, kwenye mashine moja ile ile, saa ambayo makarani wote wanauliza na umeme unayumba. Mmoja alikasirika, akasema programu yake haikutengenezwa kwa hali hizo. Nikamwambia sisi tunaishi katika hali hizo.

Ilikuwa pale bohari ambapo mwanamke mmoja aliyekuja kununua chumvi alinitazama kwa muda mrefu.

"Mama, weye njo ule wa kompyuta?"

Alikuwa mke wa yaya. Alikuwa amerudi Lubumbashi na watoto waliobaki, anaishi Kasungami, analima. Patroni aliniruhusu kutoka, tukaketi kwenye magunia nyuma ya duka, akanieleza. Yule mdogo aliyekuwa anakohoa walimzika kando ya reli kabla ya kufika Kamina. Treni ilisimama kwa kuharibika, ndiyo maana walipata nafasi ya kumzika. Kasai hawakuwa na mtu. Yaya alifundisha hesabu katika shule isiyo na madirisha. Hakugusa tena kompyuta. Homa ilimchukua msimu mmoja wa mvua, haraka sana.

"Alipenda kusimulia ile jaribio yenu," alisema. "Kwa balimu, kwa batoto ba masomo. Kila mara anasema: kwa swali ya mutu moja, mashini yangu ilishindwa. Nilimwambia, baba, huku hakuna mutu anajua, sema tu ulishinda. Akanikasirikia siku muzima."

Tulilia wote wawili, yeye kidogo, mimi sana. Kisha akaniuliza kama nina watoto, na nikamjibu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kasungami. Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba ya matofali mabichi, viazi vitamu na mahindi. Alinipa jembe bila kuniuliza kama naweza, tukalima mstari kwa mstari hadi jua lilipokuwa kali, tukihadithiana habari za watu tuliowajua sote, nani yuko hai na nani hayuko.